Safari ya kwanza Dar: mshenzi, mhuni, mzururaji, mshamba

Jumapili usiku, Chang'ombe

Wiki mbili nimekuwa kimya, si mnajua mambo ya tesiti na kazi za vikundi. Leo nimepata nafasi na nina jambo refu kidogo, kwa hiyo mwenye chai achukue chai yake tuanze.

Mdogo wangu wa kike amechaguliwa chuo hapa Dar. Hii ndiyo itakuwa safari yake ya kwanza kwenye jiji kubwa. Kazaliwa Tabora, kasoma Tabora mpaka kidato cha sita, na upande wa mashariki mwisho wake ni Dodoma kwa mama mdogo. Sasa nyumbani kila mtu amegeuka mshauri wa safari. Mama anasema asitoe simu barabarani na asile chakula cha mtu asiyemjua. Mjomba anasema dawa ya Dar ni moja tu, usioneshe ugeni: tembea haraka, kaza uso, usitazame magorofa. Shangazi yeye hataki aje kabisa, anasema bora asubiri mwaka mwingine aombe chuo cha karibu, maana mtoto wa kike mgeni Dar "ataliwa". Na babu, ambaye alikuja Dar kwa treni miaka ya 1970 akabeba mizigo bandarini, ana neno moja tu: binti aende kwa mwenyekiti wa mtaa aandikiwe barua yenye mhuri, atembee nayo. Kwenye grupu la familia watu walicheka mpaka basi. Barua ya mwenyekiti, zama hizi?

Mimi sikucheka. Nasoma ualimu, masomo yangu ni Historia na Kiswahili, na muhula huu tuna kozi inayogusa historia ya miji. Nilivyokuwa napitia noti zangu nikaona kwamba kila ushauri anaopewa mgeni wa jiji una historia yake, na ule wa babu ndio wenye historia nzito kuliko yote. Tena nikaona jambo jingine: kila zama pwani hii imekuwa na jina la kumwita mtu anayetoka bara. Kwanza mshenzi, kisha mhuni, kisha mzururaji, na sasa mshamba. Nimeamua kumwandikia mdogo wangu nikifuata majina hayo manne, halafu mwishoni nimpe maelekezo yenyewe ya safari. Shangazi naye akisoma nitafurahi, maana uamuzi wa kumruhusu au kumzuia bado uko mezani.

Mshenzi

Sisi watu wa Tabora tusijidanganye kwamba safari ya pwani ilianza na treni. Karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wakubwa wa njia ya kati. Walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na Saadani, wakarudi na nguo, shanga na waya za shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, begani, kwa mguu. Kwa kijana wa Kinyamwezi kufika pwani ilikuwa heshima, aliyekwenda na kurudi alionekana mtu mzima mwenye la kusema mbele ya wenzake.

Hebu pima urefu wa safari yenyewe. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwezi wa Juni wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe ilikwenda kasi kuliko hiyo, lakini bado ni kazi ya miezi. Mdogo wangu atatoka Tabora kwa basi, atalala Dodoma kwa mama mdogo, asubuhi atapanda treni ya umeme, na kabla ya chakula cha mchana yuko Dar.

Sasa yule mpagazi akishafika pwani aliitwaje? Mshenzi. Watu wa miji ya pwani walijiita waungwana, na mtu wa bara, asiyejua adabu zao, mavazi yao wala dini yao, alikuwa mshenzi. Leo hilo ni tusi la kupigania. Wakati ule lilitajwa karibu kama kutaja kabila la mtu, dharau ikiwa ndani yake. Kwa hiyo mwanangu, ukiitwa jina baya stendi, ujue babu wa babu yako aliitwa hivyo hivyo, na pembe alizobeba ndizo zilizowatajirisha waliomwita.

Alisalimikaje? Naona mambo mawili. La kwanza, hakusafiri peke yake. Msafara ulikuwa na kirangozi, mtu aliyekwisha kuipita njia, anayejua maji yako wapi na mtawala gani anataka ushuru. La pili ni utani. Sisi tunauchukulia utani kama mzaha wa misibani tu, lakini ulikua sana kwenye njia hizi za misafara. Mnyamwezi akifika kwa watani zake Wazaramo aliweza kudai chakula, na akifia ugenini watani walijua wajibu wao kwenye mazishi. Ilikuwa bima ya safari. Hakukuwa na polisi wa kumkimbilia wala simu ya kupiga nyumbani, kulikuwa na watu ambao walikubaliana toka zamani kwamba mgeni wao hatupwi.

Dar yenyewe wakati huo ilikuwa changa. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, halafu Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji wake hapo miaka ya 1860. Akafariki mwaka 1870 na ujenzi ukalala. Jengo lake mojawapo, Old Boma, bado lipo pale mbele ya bandari, mdogo wangu akishazoea nitampeleka. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati. Morogoro ilifika 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Hapo ndipo Dar ilipokuwa mlango wetu. Safari ya miezi ikawa ya siku.

Mhuni

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na mizigo ikarudi mabegani. Waingereza walichukua mamia ya maelfu ya wapagazi kubebea jeshi lao Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Waingereza waliiteka Dar mwezi wa Septemba 1916, na kikosi cha wapagazi kikapiga kambi pembeni ya mji. Kwa Kiingereza kikosi kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka wanavyoweza, likawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, chanzo ni hicho hicho.

Kwa hiyo ukifika Kariakoo, mdogo wangu, ukaona ule msongamano, mikokoteni, na watu wenye marobota mabegani wakipiga kelele "mzigo, mzigo", usiogope. Mtaa ule una jina la watu kama sisi, wabeba mizigo kutoka bara. Wewe ndiye mwenye haki ya kwanza ya kupita pale.

Baada ya vita mji uligawanywa kwa rangi. Wazungu upande wao, ndio Uzunguni. Wahindi katikati, Uhindini. Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala. Mnazi Mmoja paliachwa wazi kuwa kama ukuta usio na matofali kati ya Uhindini na Kariakoo. Wengi leo tunapita pale kwenye daladala bila kujua kwamba ile nafasi iliachwa makusudi ili watu wasikaribiane.

Mwafrika mgeni mjini alikubaliwa kwa sharti moja: awe na kazi ya kumtumikia mtu, na awe na karatasi ya kuonesha. Risiti ya kodi ilikuwa muhimu kuliko shati. Msako ukipita Kariakoo usiku, asiye na risiti alibebwa. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ikatunga sheria kabisa ya kuwaondoa mjini wenyeji waliohesabiwa kuwa hawatakiwi, yaani asiye na kazi inayotambulika anarudishwa kwao. Hao ndio walioitwa wahuni. Kamusi za zamani zinalieleza neno mhuni kama mtu wa kutangatanga asiye na makao. Polepole likabeba na maana ya uhalifu, mpaka leo ukisema mhuni mtu anaanza kushika mfuko wake. Mnaona jinsi neno linavyopanda cheo kwa mabaya? Kosa la kwanza la mhuni lilikuwa kuja mjini bila mwajiri.

Waliorudishwa wengi walirejea. Na mji uliwahitaji, hilo ndilo lilikuwa linachekesha. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar waligoma, na mgomo ukapanda na reli kwenda bara. Wale wale waliokuwa wakitazamwa kama kero, walipokaa chini meli zilikaa bila kupakuliwa.

Mgeni wa wakati huo alifanyaje? Kuna kitabu kinaitwa A Survey of Dar es Salaam cha J.A.K. Leslie, kilichotoka mwaka 1963 kutokana na utafiti wa mwaka 1956. Kinaonesha kwamba mtu aliyetoka bara alikwenda moja kwa moja kwa ndugu, au kwa mtu wa kijijini kwao, akalala hapo, akala hapo, mpaka apate pa kushika. Palikuwa na vyama vya watu wa kwao, wa kuzikana na kusaidiana. Kirangozi wa msafara sasa amekuwa mwenyeji mwenye chumba kimoja Kariakoo.

Na mfano mkubwa kuliko wote nimpe mdogo wangu kwa sababu unahusu walimu. Julius Nyerere alikuwa mgeni Dar. Mtoto wa Butiama, aliyerudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952 na kwenda kufundisha Pugu. Mjini alipokelewa na wenyeji, akina Abdulwahid Sykes na wenzao wa Kariakoo, ambao nyumba zao na mikutano yao ndiyo iliyomwingiza kwenye siasa za mji. TANU ikaanzishwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 Nyerere akaacha kazi ya ualimu. Hebu fikiria angekuja Dar bila mwenyeji. Angekuwa mwalimu mzuri wa Pugu, basi.

Mzururaji

Ungedhani uhuru ulimaliza habari ya karatasi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1957 Dar ilikuwa na watu kama 129,000. Mwaka 1967, miaka kumi tu baadaye, wamefika kama 273,000. Reli, mabasi na uhuru wenyewe viliwaleta watu, na serikali mpya nayo ikaona mji unajaa wasiozalisha. Siasa ilikuwa ya kilimo na vijiji, mtu kukaa mjini bila kazi ya kueleweka alihesabiwa mnyonyaji.

Mwaka 1976 kulikuwa na kampeni ya kila mtu afanye kazi. Mwaka 1983 ikaja ile kubwa wazee wetu wanayoikumbuka kwa jina la Nguvu Kazi, na sheria yake kabisa. Asiyeweza kuonesha kitambulisho cha kazi aliweza kuitwa mzururaji na kupelekwa kijijini. Tatizo ni kwamba wengi walioitwa wazururaji walikuwa wanafanya kazi: wauza karanga, wauza maji, mafundi viatu wa barazani, akina mama wapika vitumbua. Hawakuwa na mwajiri wa kuwaandikia, basi. Na kama ilivyokuwa kwa wahuni wa 1944, wengi walipelekwa na wengi walirudi.

Sasa mnaelewa barua ya babu? Miaka yote aliyokaa Dar alitembea na karatasi yake ya kazi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne, imewekwa kwenye nailoni isilowe jasho. Anasema aliweza kusahau kula lakini si kuigusa kila asubuhi kuhakikisha ipo. Mpaka leo akiingia mji wowote mkono unakwenda pale kifuani. Alipoona vijukuu wanamcheka kwenye simu aliandika sentensi moja tu: "Mjini karatasi ndiyo ndugu wa kwanza." Mtu aliyeishi zama mbili ambazo haki ya kutembea barabarani ilikuwa ndani ya mfuko wa shati, utamcheka vipi?

Cha ajabu, mwaka huo huo wa 1983 mji ulikuwa umekwama usafiri. Shirika la UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, halikuwa na mabasi ya kutosha, na watu walikuwa wakipanda magari ya mzigo yaliyowekewa mabenchi, wanakaa wakitazamana kama kwenye mgahawa. Waliyaita chai maharage. Serikali ikaruhusu watu binafsi waingize magari yao, nauli shilingi 5. Sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala, konda akaita "dala, dala!", na jina likabaki. Kwa hiyo wakati upande mmoja mgeni anafukuzwa, upande wa pili linazaliwa gari la kumbeba, na waliolisukuma walikuwa makonda na wapiga debe, vijana ambao wengi wao hawakuwa na karatasi yoyote.

Mshamba

Leo hakuna anayekamatwa kwa kuwa mgeni Dar. Limebaki neno mshamba, nalo linaumiza kwa aibu tu, halina jela. Lakini hilo ndilo lililomfanya mjomba aseme usioneshe ugeni. Hofu ya babu ilikuwa kurudishwa, hofu ya kizazi chetu ni kuchekwa.

Hapa napingana na mjomba kwa heshima zote. Mtu anayeficha ugeni ndiye anayepotea. Hataki kuuliza, anapanda gari lisilo lake, anashuka kituo kisicho chake, na akizidiwa anamfuata yule wa kwanza anayejifanya msaada. Tapeli hahitaji kukuona unatazama magorofa. Anakutambua kwa begi lako na kwa jinsi unavyozunguka bila kuuliza mtu.

Na hao wanaokucheka ni nani? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar, na ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Kutoka 129,000 ya mwaka 1957 mpaka milioni tano, hao hawakuzaliwa wote Mzizima. Anayekuita mshamba, mama yake au babu yake alishuka Stesheni, au Kisutu, au Ubungo, na kifurushi mkononi, akauliza njia.

Haya, maelekezo yenyewe

Sasa mdogo wangu chukua kalamu.

Moja, mwenyeji. Hili ndilo lililofanya kazi zama zote nne. Kirangozi, mtani, ndugu wa Kariakoo, wote ni mtu mmoja huyo. Andika jina langu, namba yangu, na namba ya rafiki yangu mmoja hapa chuoni, kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Simu ikiisha chaji au ikiibiwa namba zote zimekwenda nayo.

Mbili, karatasi. Mfuate babu, kaandikiwe barua. Kwa nini? Tiketi ya treni ya SGR inataka kitambulisho, laini ya simu inataka kitambulisho, chuo kitataka vyeti halisi na nakala, na siku ukipanga chumba utatakiwa kujulikana kwa mjumbe na serikali ya mtaa. Namba yako ya NIDA iandike pembeni. Vyeti halisi vikae kwenye begi dogo unalolivaa kifuani, visikae kwenye sanduku linalowekwa mbali nawe.

Tatu, stendi. Utasikia wazee wanakuambia "shuka Ubungo". Ushauri huo ulikuwa sahihi wakati wake, kama ulivyokuwa sahihi ushauri wa kushuka Kisutu kabla ya hapo. Tangu Februari 2021 mabasi ya mikoani yana stendi yake Mbezi Luis, ile ya Magufuli, na toka hapo mpaka katikati ya mji bado ni safari. Wewe utakuja na SGR, ambayo kati ya Dar na Dodoma ilianza Julai 2024. Itapita Pugu kabla ya kufika mjini. Ukiona watu wanashuka Pugu usishtuke ukashuka nao, wewe mwisho wako ni Stesheni. Baki ndani ya jengo mpaka unione kwa macho. Anayekuja kukwambia "kaka yako kanituma", mwambie anipigie mbele yako.

Nne, muda. Fika mchana. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku na watu wanashawishika kufika saa nane za usiku ili kuokoa hela ya gesti. Kwa safari ya kwanza usifanye hivyo. Jiji lifahamu kwanza kwa jua.

Tano, majina ya vituo. Hapa historia itakusaidia kweli. Dar watu hawaelekezi kwa namba za barabara, wanaelekeza kwa vitu, na vitu vingine havipo tena. Ubungo Mataa, taa zenyewe zimemezwa na barabara za juu zilizofunguliwa mwaka 2021, lakini bado ni Mataa. Kuna Buguruni Sheli, kuna Magomeni Mapipa, kuna Kimara Baruti. Usitafute mapipa, uliza konda. Kariri jina zima, maana Buguruni peke yake ni kubwa, na Mbagala peke yake ni safari nyingine.

Sita, kwenye daladala. Soma ubao wa mbele ya gari, halafu bado uliza, "Inafika kituo fulani?" Mwambie konda unaposhuka mapema, ukikikaribia kituo sema kwa sauti, "Shusha!" Usiogope sauti yako. Uwe na hela ndogo ndogo, ukitoa noti ya elfu kumi saa moja asubuhi utaona sura ya konda. Begi la mgongoni lihamie kifuani. Dirishani usikae umeshika simu. Mwendokasi nao, ulioanza Mei 2016, una njia zake maalumu na vituo vyake, tutaupanda pamoja mara ya kwanza.

Saba, nani wa kumwuliza. Uliza mtu aliyekaa mahali pake: mama ntilie kwenye jiko lake, muuza duka, fundi viatu. Huyo kesho utamkuta pale pale, kwa hiyo ana cha kupoteza akikudanganya. Salamu kwanza, "Shikamoo mama", halafu swali. Usimwulize anayekufuata wewe. Anza hivi: "Mimi mgeni hapa, naomba kuelekezwa." Maneno hayo mshenzi aliyasema, mhuni aliyasema, na mji umejengwa na watu waliojibiwa.

Nane, simu. Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwa namba hii", usitume. Akipiga mtu kusema kaka yako amepata ajali anataka hela haraka, kata, nipigie mimi. Hata Dar ya zamani ilikuwa na matapeli, wa leo hawahitaji hata kukuona.

Tisa, na hili ni la raha. Jumamosi ya kwanza twende mjini kwa miguu tuanzie Stesheni, tupite Old Boma, tupande mpaka Sanamu ya Askari. Ile sanamu iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari wa Kiafrika wa ile vita. Kabla yake Wajerumani walikuwa wameweka ya mtu wao Wissmann, Waingereza wakaiondoa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wa kule wakaiangusha. Wanafunzi bwana! Halafu pale Askari ni mahali pazuri pa kukutana mkipoteana, kila mtu anapajua. Tukitoka hapo tuvuke Mnazi Mmoja tuingie Kariakoo, ule mstari waliouweka wao tuuvuke kwa miguu yetu.

Shangazi, hili ni lako. Umesema ataliwa. Mimi nasema walioliwa na mji huu tangu enzi za misafara ni wale walioachwa waje peke yao. Mtoto huyu ana mama mdogo Dodoma, ana mimi Stesheni, na ana babu aliyemwandalia mpaka karatasi. Mimi nitasimama kama kirangozi wake, nakuahidi. Ukimzuia mwaka huu, mwakani atakuja akiwa mgeni vile vile.

Jibu la nyumbani nalisubiri wiki hii. Na nyie wadau, siku ya kwanza mnakuja Dar mliambiwa nini, na kipi kilikuwa cha kweli? Mimi naingia kulala, kesho saa mbili kamili tuna semina na zamu ya kuwasilisha ni ya kundi letu. Alamsiki.